Pini Nyekundu

Mkanda wa kuchambulia taka huchukua dakika moja na nusu kumaliza mzunguko wake, na katika kila mzunguko kuna mahali hukohoa kidogo. Tk. Hapo ndipo ncha zake mbili zilipounganishwa kwa meno ya chuma. Meno hayo yakipita juu ya rola iliyo mbele ya mwanamke anayeitwa Miwani, yeye husema kimoyomoyo: amepita. Anayepita ni mumewe. Si yeye mwenyewe, bila shaka, yeye yuko karakana nyuma ya ukuta anatia mashine grisi. Lakini maungio ni yake, ameyagonga kwa mikono yake, na kwa mwanamke aliyesimama mahali pamoja miaka kumi na mmoja hilo linatosha kabisa. Kama mnamwona ana wazimu, nendeni mkasimame ninyi.

Maana ukisimama mbele ya mkanda muda mrefu, unafika wakati unahisi mkanda umetulia na wewe ndiye unayekwenda. Jengo zima linaondoka polepole na paa lake na taa zake, nawe umo ndani, na chupa na makopo na viatu vya mguu mmoja vimesimama tu vikikutazama ukipita. Miwani aliipenda hali hiyo. Ndani yake alikwenda mbali sana bila kuchosha miguu. Mikono ilichambua yenyewe, plastiki huku, bati kule, na kila baada ya dakika moja na nusu mumewe alimgonga kiganjani kumwambia yupo.

Jina lake alilipata papo hapo mezani, kwa sababu ya tabia yake ya kuokota miwani mibovu. Kila ilipopita, hata yenye kioo kimoja, aliidaka, akaifuta kwa aproni na kuitia mfukoni.

"Hivi wewe unafungua duka?" aliuliza Shangazi Redio, aliyesimama upande wa pili wa mkanda, uso kwa uso naye. Shangazi Redio hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa mama mnene mwenye roho nzuri ambaye toka asubuhi hadi jioni hafungi mdomo, na mkono wake husimulia pamoja naye. "Tuambie basi, tuje kununua. Mimi nataka ya kuonea ninayoyaona vizuri tu, yale mengine niyapite."

Meza nzima ilicheka, Miwani akacheka nayo. Hakuna aliyejua kwamba nyumbani, chini ya kitanda, kulikuwa na kopo lenye miwani tisa, na kwamba jioni mumewe aliijaribu moja moja, akigeuza uso dirishani, halafu akairudisha kwenye kopo taratibu.

Macho ya Fundi yalianza kufifia mwanzoni mwa mwaka, na kwa kweli mwanzoni yalimfurahisha. "Mama," alimwambia mkewe siku moja wakirudi kazini, "njoo uone. Kila taa imevaa pete." Alisimama katikati ya njia anatabasamu, akitazama taa za barabarani zilizokuwa zimewashwa mapema. Yeye aliona mapete makubwa ya rangi, moja ndani ya jingine. Mkewe aliona taa.

Baadaye pete zikawa ukungu, na ukungu ukaingia mpaka ndani ya nyumba. Akaanza kumimina chai nje ya kikombe. Mama yake, bikizee aliyeishi nao chumba cha pili, hakuhitaji kuambiwa. "Mwanangu anatembea kama anayevuka mto," alimwambia mkwewe. "Mpeleke hospitali kabla hajanikanyaga."

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba hutolewa na mtu akaona tena vizuri. Alimwandikia tarehe. Gharama zingelipwa na kadi ya matibabu ya kiwanda, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Wachambuaji hawana kadi, wao ni vibarua wa kutwa. Mafundi wanayo, na kadi humhudumia fundi na mwenzake wa ndoa. Lakini fundi asiyeona si fundi. Meneja akijua, atamwondoa, na akimwondoa, kadi inabaki mezani kwake, na macho yanabaki na ukungu wake. Kwa hiyo wakakubaliana mume na mke kwamba Fundi ataendelea kuona mpaka siku ya kutibiwa. Hadi Jumamosi ninayoisimulia zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa.

Walifanikiwa vizuri tu, kwa sababu kazi ya kuunga mkanda ni ya mikono kuliko watu wanavyodhani. Kila ncha ya mkanda imepigwa safu ya meno ya chuma. Meno ya ncha hii huingia katikati ya meno ya ncha ile, kama mtu aliyefumbata vidole vyake, kisha katikati ya vidole hivyo hupenyezwa pini, waya mgumu wa kusokotwa uliovikwa plastiki, kutoka ukingo huu hadi ule. Ni bawaba ya mlango, basi. Ukitaka kufungua mkanda unavuta pini, ukitaka kuufunga unairudisha. Fundi alijua yote hayo gizani. Asichoweza ni kutambua rangi. Pini za mkanda mkubwa zina alama nyekundu kwenye ncha, na za mkanda mdogo zina alama ya kijani. Ya kijani ni nyembamba kidogo sana, unene wa ukucha tu, na ukiiweka kwenye mkanda mkubwa inaingia bila ubishi wowote. Ubaya wake unaonekana baadaye. Haibanwi na meno, kwa hiyo inatembea, kidogo kidogo, kuelekea nje.

Ndiyo maana Fundi alikuwa akizileta pini nyumbani, azikate kwa kipimo barazani, mkewe akimsomea rangi.

Jumamosi hiyo jioni Miwani alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu yake ndani ya beseni la maji ya vuguvugu. Alikuwa amesimama saa kumi mfululizo. Alifumba macho, na nyuma ya kope zake mkanda ukaendelea kwenda na chupa zake, na yeye akaanza kuondoka nao. Mbali sana alimsikia mumewe.

"Mama, hii ni ipi?"

"Nyekundu."

"Una hakika?"

"Nyekundu, baba."

Mama mkwe alikuwa mlangoni akishona kifungo. "Umeitazama?" aliuliza.

"Nimeitazama, mama," alisema Miwani.

Hakuwa ameitazama. Hakufungua hata jicho moja. Usimhukumu haraka, ungekuwa wewe, na maji yale ya vuguvugu, na usingizi ule mtamu. Fundi aliisugua pini kati ya dole gumba na kidole cha pili, akasita kidogo, akaisugua tena. Kisha akaikata, akaifunga kwenye gazeti, na Jumapili kiwanda kilipokuwa kimya akaenda kuiweka.

Jumatatu ilipita salama. Jumanne, kwenye saa tatu asubuhi, mumewe Miwani alimpitia kwa sauti ngeni.

Tk, halafu shrr.

Alidhani ameota. Akangoja zamu nyingine. Tk, shrr. Ilikuwa sauti ya kitu chembamba kinachokwaruza ubao wa pembeni, upande wa Shangazi Redio. Miwani aliinamisha kichwa akatazama chini ya mwanga. Maungio yalipofika aliona ncha ya pini imechungulia nje ya ukingo wa mkanda, kama urefu wa kidole, na kwenye ncha hiyo kulikuwa na alama ya kijani.

Jumamosi yote ikamrudia, beseni, kigoda, sauti yake mwenyewe ikisema nyekundu.

Saa nne, kengele ya mapumziko ya robo saa ilipolia, alikimbilia karakana bila hata kuvua glavu. Mkanda hausimami mapumziko ya saa nne, huendelea kuzunguka mtupu. Fundi alikuwa anapanga spana kwa ukubwa, akizipapasa.

"Pini inatoka," alisema Miwani.

"Kiasi gani?"

"Kidole."

"Kidole si kitu." Fundi alisema hivyo lakini aliiweka spana chini. "Saa saba mkanda utasimama watu wakale. Nitaivuta niweke nyingine, dakika tano tu, hakuna atakayejua. Haiwezi kutoka yenyewe. Labda nimeikata ndefu."

"Baba, ni ya kijani."

Fundi aligeuza uso kumwelekea.

"Sikufungua macho," Miwani alisema. "Jumamosi. Uliponiuliza. Hata mama aliniuliza, nikamdanganya na yeye." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuwa na mkono safi wa kuyafuta.

"Ulikuwa umechoka," Fundi alisema. Akacheka kidogo, cheko la mtu asiye na raha. "Unajua dole gumba hili liliniambia nini? Liliniambia, bwana, hii nyembamba. Nikaligombeza. Nikaliambia nyamaza wewe, mke wangu ameona."

Ingekuwa heri angemtukana. Miwani alitamani sana kutukanwa.

"Rudi mezani," Fundi alisema. "Tuombe ifike saa saba."

Kutoka saa nne na robo hadi saa saba ni mizunguko mia moja na kumi. Miwani aliihesabu. Taka zilimpita na hakuziona, hata miwani yenye vioo viwili vizima ilimpita. Kila maungio yalipokuja aliitazama ile ncha ya kijani, na kila mara ilikuwa palepale, au alitaka iwe palepale, kisha kwenye mzunguko wa thelathini hivi hakuweza kujidanganya tena. Ilikuwa imefika urefu wa vidole viwili. Kwenye mzunguko wa hamsini ilikuwa kiganja.

"Shangazi," alisema, "njoo tubadilishane upande."

"Kwa nini?"

"Huku kuna upepo. Wewe unaona joto."

"Huo upepo umeuona leo? Miaka yote hii nalowa jasho unanitazama tu?" Shangazi Redio alitoa macho kuiambia meza nzima. "Mimi mahali pangu nimepazoea, mama. Nikihama hata hadithi zitanipotea."

Na hadithi aliyokuwa nayo siku hiyo ilikuwa tamu kweli, ya shemeji yake aliyeazima suti ya kwenda kwenye harusi na kumkuta mwenye suti ndiye bwana harusi. Kila ilipopamba moto aliinama mbele, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza, glavu imening'inia juu ya mkanda.

"Toa mkono hapo ukingoni, Shangazi."

"Umeanza kuwa msimamizi?" Aliutoa. Baada ya muda ukarudi palepale, maana ni mkono uliozoea.

Saa sita kasoro dakika chache, pini ilipita na kumgusa Shangazi Redio kwenye mkono wa shati. Aliruka kidogo, akajitazama, akaona uzi umetoka. "Ala! Kuna panya hapa?" akasema, akaendelea na shemeji yake. Sasa Miwani alijua kila kitu kilivyo. Pini ile ni ngumu. Ikimshika kitambaa haitaachia, na mkanda hausubiri mtu, utauvuta mkono wake mpaka chini ya rola. Ilikuwa na dakika moja na nusu kabla ya kurudi.

Kamba ya dharura ilipita juu ya kichwa chake, nyekundu, imejaa vumbi. Katika miaka kumi na mmoja aliwahi kuiona ikivutwa mara mbili. Anayeivuta huitwa mbele ya Meneja kueleza. Na yeye angeeleza nini? Saa moja tu imebaki. Labda Shangazi atasimama wima. Labda atakwenda chooni, Mungu mkubwa. Hapo jengo likaanza kuondoka tena, taratibu, na taa zake na paa lake, na Miwani akawa ndani yake anakwenda. Aliona kopo la miwani chini ya kitanda. Alimwona mumewe amesimama katikati ya njia anatabasamu, akitazama pete ambazo hakuna mwingine anayeziona, na akaona atasimama hivyo miaka yote, anazeeka, ukungu unazidi, na yeye amemshika mkono. Kisha alimwona Shangazi Redio akiinama kufikia pale penye utamu, "basi bwana harusi akamwambia," mkono wake umeshuka ukingoni.

Miwani alivuta kamba.

Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa hata watu walisikia chupa moja ikibingirika. Pini ilikuwa imesimama sentimita chache kutoka glavu ya Shangazi Redio. Shangazi aliitazama, akautazama mkono wake, akafunga mdomo.

Meneja alishuka ngazi simu ikiwa sikioni. Alikuwa mtu wa shati jeupe ambaye hugusa vitu kwa kalamu. "Nani amevuta?"

"Mimi."

Alimwonyesha pini. Meneja akaigusa kwa kalamu, akatazama ile alama ya kijani, akatazama meno ya ukingoni yaliyoanza kupinda. "Niitieni Fundi."

Fundi alikuja na sanduku lake la zana, mkono mmoja ukiteleza juu ya reli ya ngazi. Watu walimpisha. Labda kama asingetelezesha mkono vile Meneja asingefikiria, lakini Meneja hakuwa mjinga.

"Fundi, umeweka pini gani hapa?"

"Imekosewa, Meneja. Nitabadilisha sasa hivi."

"Sikuuliza hilo." Meneja aligeuka, akaokota boksi moja tupu kwenye taka zilizolala juu ya mkanda, akamwekea Fundi mkononi. "Boksi la pini ni hili. Nisomee limeandikwa nini."

Fundi alilipapasa. Lilikuwa na ukubwa uleule wa maboksi ya pini. Alilishika mbele ya uso kwa umbali wa mtu anayesoma, akasoma bila kukwama: "Pini za mkanda, alama nyekundu, vipande kumi."

Lilikuwa boksi la biskuti.

Mtu mmoja alicheka, halafu wa pili, kisha kicheko kikafa chenyewe na watu wakatazama viatu vyao. Fundi alikuwa bado amelishika boksi vilevile. Alielewa kutokana na kile kicheko, na hakujua alishushe au aendelee kulishika.

"Meneja, kosa ni langu," Miwani alianza. "Mimi ndiye niliyemwambia..."

"Mama, nyamaza." Fundi hakuwahi kumkatiza mkewe mbele za watu. "Ni macho yangu, Meneja. Hayaoni tangu mwanzo wa mwaka. Yeye hakuhusika."

Kwa hiyo wasingefukuzwa wote wawili. Miwani alimwelewa na alichukia kumwelewa.

"Tangu mwanzo wa mwaka," alirudia Meneja. "Watu wameweka mikono yao hapa, na wewe..." Hakumaliza. Nadhani hata yeye aliona uchungu, lakini alinyoosha mkono. "Kadi."

Fundi aliitoa kwenye mfuko wa shati. Ilikuwa imefungwa kwenye karatasi ya plastiki ili isilowe jasho. Aliinyoosha mbele yake kwa heshima, kwa mikono miwili, akampa Shangazi Redio. Ndiye aliyekuwa karibu, na aproni yake ilikuwa nyeupe.

Shangazi Redio aliipokea ile kadi na hakujua aifanye nini, mpaka Meneja mwenyewe akaja kuichukua mkononi mwake.

Nje malori yalianza kupiga honi. Meneja alirudi kwenye simu, akasikika akimwambia mtu leo, si keshokutwa, leo, nina malori matano mlangoni, kisha akasikika akisema sawa kwa sauti ndogo. Fundi mwingine asingepatikana kabla ya keshokutwa.

"Nitaunga mimi," alisema Miwani.

"Wewe ni mchambuaji."

"Atasimama hapa anielekeze. Yeye anajua, mimi naona."

"Huu si ushonaji wa mto, mama."

"Mwache aunge," alisema Shangazi Redio. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu mkanda usimame, na sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Mkono uliokuwa uondoke ni huu hapa, wangu mimi. Na mimi nasema aunge."

Honi zikalia tena. Meneja akatazama saa yake.

Fundi alipiga magoti kando ya mkanda, akayapapasa meno moja moja. "Manne yamepinda, na mpira umechanika hapa. Kata ncha zote mbili, tuanze upya. Rola ya nyuma ilegezwe." Sauti yake ilikuwa imetulia, sauti ya karakana. Miwani alichukua rula akaiweka ukingoni mwa mkanda.

"Hapana, usipime kutoka ukingoni," alisema Fundi.

"Umejuaje nimeweka ukingoni?"

"Kila mtu huanza ukingoni. Ukingo umelika, mama, umeenda upande. Ukiufuata utaunga mshazari na mkanda utakimbilia ukutani. Tafuta katikati. Pima upana mahali patatu, gawa mara mbili, weka alama. Halafu piga mstari wa chaki kwenye hizo alama tatu. Huo mstari ndio wa kuufuata."

Alipima mahali patatu. Alipiga chaki. Akaweka skwea, rula ya pembe mraba, juu ya mstari, akakata, na kisu kilimtoroka mara moja akakata glavu. Aliweka meno, akayagonga misumari yake moja moja, na alijigonga dole mara ngapi sijui, lakini hakusimama. Baada ya kila meno matano Fundi alipitisha mkono. "Hili limelala. Gonga tena. Hili sawa. Hili sawa." Wachambuaji walikuwa wamekaa juu ya ndoo wakiwatazama, na mwanga wa vumbi ulishuka kutoka kwenye matundu ya paa ukawafikia wale wawili waliopiga magoti. Ungesema wanatafuta kitu kidogo kilichopotea.

Ncha mbili zilipoletwa pamoja meno yakaingiliana. Miwani alifungua sanduku, akatoa pini. Aliitazama akaigeuza kwenye mwanga, akaitazama tena.

"Nyekundu," alisema.

"Haya, ipenyeze."

Hakuipenyeza. Alimwekea mumewe kiganjani, akamfunga vidole juu yake. "Na dole gumba lako linasemaje?"

Fundi aliisugua pini taratibu, mara mbili. Uso wake, uliokuwa mkavu tangu lile boksi, sasa ulianza kumharibika. "Linasema nyekundu," alisema.

Pini iliingia kwa ubishi, jino kwa jino, Miwani akisukuma na Fundi akiivuta. Waliikata fupi kuliko upana wa mkanda, vidole viwili huku na vidole viwili kule, na Miwani akaligonga jino la mwisho kila upande mpaka likafumba.

Meneja alikuja akaikanyaga kwa kiatu. Akaguna, akamgeukia Miwani. "Kesho saa moja uripoti karakana. Majaribio miezi mitatu."

"Na kadi?"

"Kadi ni baada ya majaribio. Huo ndio utaratibu, sikuutunga mimi."

Miezi mitatu. Tarehe ya hospitali ilikuwa baada ya siku kumi na sita. Wangerudi mwisho wa foleni, na hakuna aliyewaambia foleni hiyo itakuwa ndefu kiasi gani. Miwani alimtazama Meneja akipanda ngazi, akataka kumrushia nyundo, Mungu amsamehe.

"Miezi mitatu si mingi," alisema Fundi, aliyeusikia ukimya wake. "Nitakuwa natazama pete zangu."

Kitufe cha kuwashia kilikuwa mwisho wa ukumbi, na sasa ilikuwa kazi yake Miwani kukibonyeza. Alikwenda akabonyeza. Mkanda ukatetemeka, ukaanza kwenda, na maungio mapya yakatokomea chini kuelekea rola ya nyuma. Aliuangalia mkanda kama unahamia upande. Haukuhama.

Fundi alikuwa hajaondoka. Alifuata ukingo wa meza kwa mkono mpaka akafika pale mahali pa mkewe, ambapo sakafu ilikuwa imebonyea kwa miguu miwili, akasimama humohumo. Aliweka kiganja juu ya ubao wa rola, akainua uso kidogo. Upande wa pili Shangazi Redio alichambua kimya, mikono ameiweka karibu na kifua, mbali na ukingo. Dakika moja ikapita, na nyingine nusu.

Tk.

"Amepita," alisema Fundi.

Shangazi Redio aligeuka huku na huku. "Nani? Mbona mimi sikuona mtu?"

"Mke wangu," alisema Fundi. "Subiri, anarudi."